Yai lisiloanguliwa: bakteria wa kurithi na wadudu wa pwani yetu

Chota maji ya karo la nyuma ya nyumba, Maweni au Muyeye hapa Malindi, asubuhi mapema. Juu ya maji utaona vitu vyeusi vidogo vinaelea, kila kimoja kama nusu sentimita, vimechongoka pande zote mbili mfano wa chelezo. Kila chelezo ni mayai 150, 200, wakati mwingine hata 300, yamesimama wima na kushikana ubavu kwa ubavu. Yakitagwa huwa meupe. Baada ya saa chache yamekuwa kahawia, kisha meusi. Mwenyewe ni Culex quinquefasciatus, mbu wa maji machafu, yule anayetunyima usingizi kwa mlio wake na anayeeneza matende katika miji yetu.

Ndani ya mayai hayo, tangu yakiwa bado tumboni mwa mama, mna bakteria anayeitwa Wolbachia. Karibu kila mbu wa aina hii anaye. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1924, pale Marshall Hertig na Burt Wolbach walipokuwa wakichunguza mbu wa Culex pipiens huko Marekani, na mwaka 1936 Hertig akampa jina kamili, Wolbachia pipientis. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyejua anafanya nini humo. Mwaka 1971 ndipo Yen na Barr walipoonyesha kwamba yeye ndiye anayesababisha mayai ya mbu fulani kufa wakipandana na mbu wa kwingine.

Nataka kumweleza kwa urefu kidogo, kwa sababu habari zake zikifika huku hufika nusu. Mtu husikia kuna mbu wa maabara wanaoachiwa mitaani, akaogopa au akafurahi kabla hajajua kinachotendeka ndani ya yai. Na mambo yote yako ndani ya yai.

Wolbachia huishi ndani ya seli; nje ya seli hazaliani. Njia yake ya kutoka kizazi hiki kwenda kingine ni mama. Mbegu ya kiume inapokomaa hujivua karibu majimaji yote ya seli, ikabaki kichwa chenye kromosomu na mkia wa kuogelea, na bakteria hutupwa nje pamoja na hayo majimaji. Basi Wolbachia aliye ndani ya dume amefika mwisho wa safari yake. Aliye ndani ya jike ana mamia ya mayai mbele yake. Kutokana na tofauti hiyo, bakteria yeyote atakayewafanya majike wenye bakteria wazae kuwashinda wasio nao, au atakayeugeuza uzao uwe wa kike, ndiye atakayesambaa, hata kama mdudu mwenyewe anapata hasara. Wolbachia si peke yake. Wapo bakteria wengine, Cardinium, Spiroplasma, Rickettsia na Arsenophonus, na wengi wao hawana hata ukoo wa karibu. Kila mmoja alifikia hila hizi kivyake.

Dume anayeua mayai ya wengine

Hila ya mbu wa karo ni hii. Dume mwenye Wolbachia hatoi bakteria katika mbegu zake, lakini mbegu hizo hutoka zimeshaharibiwa kwa namna ya pekee. Jeni mbili zinazofanya kazi hiyo, cifA na cifB, zilitambuliwa katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2017, na mahali zilipo panashangaza: ziko katika DNA ya kirusi cha bakteria kilichojipachika ndani ya jenomu ya Wolbachia. Mbegu hiyo ikiingia katika yai lisilo na Wolbachia, kromosomu za baba huchelewa kujiandaa. Yai linapoanza kugawanyika mara ya kwanza, kromosomu za mama ziko tayari na za baba bado. Za baba zinabaki nyuma, zinakatikakatika, na kiinitete kinakufa. Mbegu hiyo hiyo ikiingia katika yai lenye Wolbachia wa aina ileile, protini ya bakteria aliye ndani ya yai huiokoa na mtoto huzaliwa kama kawaida. Jike mwenye bakteria, kwa hiyo, anaweza kupandwa na dume yeyote. Jike asiye naye anaweza kupandwa na dume asiye naye tu.

Hesabu inaonyesha nguvu ya jambo hili vizuri kuliko maelezo. Tuseme kuna majike 100, 60 wana bakteria na 40 hawana, madume nao vivyo hivyo, na wanapandana bila kuchagua. Wale 60 wanazaa wote. Kati ya wale 40, majike 24 wanaangukia madume wenye bakteria na mayai yao yanakufa, wanabaki 16. Kila jike akitaga mayai 200, tunapata watoto 12,000 wenye bakteria na 3,200 wasio nao. Kizazi kimoja tu, na tumetoka asilimia 60 hadi 79.

Sasa anza na majike 10 tu wenye bakteria kati ya 100. Wale 90 wengine wanapoteza 9, wanabaki 81. Uzao wenye bakteria unapanda kutoka asilimia 10 hadi 11. Ni mwendo wa kobe. Tia na gharama: tuseme bakteria anampunguzia jike asilimia 10 ya mayai yake. Wale 10 wanazaa kiasi cha majike 9, dhidi ya 81, na tunarudi palepale kwenye asilimia 10. Ukianza na 5, ni 4.5 dhidi ya 90.25, na bakteria anapungua kila kizazi mpaka atoweke. Ukianza na 30, ni 27 dhidi ya 49, na tayari umefika asilimia 35. Kuna kizingiti, na chini yake kazi yote inapotea. Ndiyo maana wanaoachia mbu wenye Wolbachia huachia wiki baada ya wiki, mtaa kwa mtaa. Kuachia mara moja kwa sherehe na kupiga picha hakuvuki kizingiti hicho.

Kizingiti kikishavukwa, mwendo hubadilika. Kwa nzi wadogo wa matunda wa aina ya Drosophila simulans huko California, Michael Turelli na Ary Hoffmann walifuatilia Wolbachia akisambaa katika miaka ya 1980, na alikuwa akisonga takriban kilomita 100 kwa mwaka.

Mbu wa karo ana jambo lake la ziada. Kwa kuwa karibu wote wana Wolbachia, ungetarajia wote wapatane. Sivyo. Wolbachia wa Culex wamegawanyika katika makundi matano, na jeni zao za cif zina namna nyingi, kiasi kwamba dume wa mji mmoja mwenye Wolbachia anaweza kuua mayai ya jike wa mji mwingine ambaye naye anaye. Wakati mwingine ni upande mmoja tu, wakati mwingine pande zote mbili. Hakuna mdudu mwingine anayejulikana kuwa na mchanganyiko mwingi hivi wa mpango huu.

Kuupima mpandano

Mwalimu wa baiolojia au mwanafunzi wa chuo mwenye hadubini ya kawaida anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Kusanya chelezo za mayai kwa kijiko, kila kimoja katika kikombe chake chenye maji safi yaliyokaa siku moja. Maji yasiwe na hata tone la sabuni: sabuni huvunja ngozi ya juu ya maji, chelezo huzama na viluwiluwi hushindwa kupumua. Kwa joto letu la nyuzi 27 au 28 mayai huanguliwa ndani ya siku moja hadi mbili. Lisha viluwiluwi hamira au chakula cha samaki kilichosagwa, kidogo kidogo. Ukizidisha, maji yanaoza, utando unafunika juu, na wanakufa usiku mmoja.

Pupa (hatua ya mwisho kabla ya mbu kuruka) wakianza kuonekana, mtenge kila mmoja katika kichupa chake. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukiwaacha pamoja, jike hupandwa kabla hujamwona, na jike wa mbu akishapandwa mara moja huhifadhi mbegu hizo kwa maisha yake. Dume utamjua kwa vipapasio vyake vyenye manyoya mengi. Vya jike ni vyembamba. Mwache dume siku mbili tatu kabla ya kumtumia, maana anapotoka katika pupa viungo vyake vya uzazi viko juu chini, na huchukua kama siku nzima kugeuka. Weka madume wa mtaa mmoja na majike wa mtaa mwingine katika kizimba cha neti cha sentimita 30, pamba yenye maji ya sukari ya asilimia 10, kisha wape majike damu usiku. Culex hupenda ndege. Kuku aliyetulia anatosha, kwa kufuata kanuni za taasisi yako kuhusu wanyama. Siku tatu hadi tano baadaye watataga.

Usiharakishe kuhesabu. Subiri saa 72, halafu hesabu mayai yaliyofunguka kifuniko na yasiyofunguka. Mpandano unaopatana huangua zaidi ya asilimia 90. Usiopatana huangua karibu sufuri.

Ukipata sufuri, usitangaze bado. Jike ambaye hakupandwa kabisa naye huweza kutaga chelezo kizuri kisichoanguliwa. Mpasue katika tone la maji ya chumvi ya asilimia 0.9, karibu na ncha ya tumbo, utafute vifuko vitatu vidogo vya mviringo, vya kahawia. Vibonyeze chini ya kioo cha kufunikia. Kama amepandwa, mbegu zitaonekana zikizunguka humo kama nyuzi hai, na kuziona ni jambo ambalo mwanafunzi hasahau. Mayai yenyewe pia yanasema: yang'arishe kwa klorini ya kufulia iliyozimuliwa, ganda likiwa jeupe utazame ndani. Yai ambalo halikupata mbegu ni tupu. Katika mpandano wa Culex usiopatana, baadhi ya mayai yana kiinitete kilichofika mbali, hata madoa ya macho yapo, kisha kikafa.

Uthibitisho wa mwisho ni kumwondoa bakteria na kuona tatizo linaondoka. Kwa Drosophila hutumika antibiotiki ya tetrasaiklini miligramu 0.25 kwa kila mililita ya chakula, kwa vizazi viwili, kisha vizazi viwili vingine bila dawa ndipo jaribio lifanywe. Kusubiri huko ni lazima: tetrasaiklini hudhoofisha mitokondria na kuua bakteria wa utumbo, na ukipima mapema utaona udhaifu wa dawa ukadhani ni kazi ya Wolbachia. Kwa viluwiluwi dawa hutiwa majini, na mwanga huivunja, basi vyombo vikae gizani. Maji hayo yasimwagwe mtaroni.

Kuhakikisha kama bakteria yumo kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mpaka kionekane), hifadhi mbu katika ethanoli kali. Jeni inayotumika sana ni wsp, kwa viongozi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) 81F na 691R, na kipande kinachotoka kina urefu wa takriban herufi 600. Pima jeni ya mbu mwenyewe sambamba. Bila hiyo, jibu la "hakuna" linaweza kumaanisha DNA iliharibika njiani kutoka Lamu kwenye kisanduku kilichoyeyuka barafu.

Je, tuachie madume Malindi?

Wazo ni la zamani. Mwaka 1967 Hannes Laven aliachia madume wasiopatana katika kijiji cha Okpo, Burma ya wakati huo, na mbu wa Culex wa kijiji hicho wakaisha kwa msimu. Dume hang'ati, hivyo wenyeji hawapati hasara. Ugumu ni kutenga jinsia. Majike wachache wa aina ya kigeni wakiponyoka pamoja na madume, wanapatana na madume hao, wanazaa, na badala ya kuwamaliza mbu umewabadilisha tu. Huko Guangzhou, China, kikosi kilichochapisha matokeo yake mwaka 2019 kilitatua hilo kwa mbu wa aina nyingine, Aedes albopictus, kwa kuongeza mionzi kidogo, inayowafanya tasa majike walioponyoka bila kuwadhoofisha madume.

Mimi kwa mbu wa karo nashikilia njia ya Makunduchi. Huko Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo na mashimo ya maji machafu yalimwagiwa chembe za povu la plastiki, zile nyeupe nyepesi zinazotoka katika mapakizo ya televisheni, za milimita 2 hivi, mpaka zikafanya tabaka la kama sentimita moja juu ya maji. Wakati huohuo watu walipewa dawa ya matende. Jike hapati maji ya kutagia, kiluwiluwi hapati hewa, na tabaka hilo hukaa miaka. Haifai katika shimo kavu, na shimo likifurika mvua za masika au likinyonywa na lori, chembe huenda zao na inabidi kurudia. Lakini haihitaji maabara, na haihitaji kuvuka kizingiti chochote. Shimo moja likifunikwa, limefunikwa.

Kwa mbu wa Lamu mambo ni mengine. Katikati ya mwaka 2004 chikungunya iliingia mji wa Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi, watu wapatao 13,500, walikuwa wameambukizwa. Ugonjwa huo ukaenda Mombasa, kisha mwaka 2005 Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Mwenezaji alikuwa Aedes aegypti, mbu wa mchana, anayetaga kando ya maji safi: mitungi, madramu, vifuu, matairi, majabia yasiyofunikwa. Ulikuwa wakati wa ukame, na watu walikuwa wameweka maji ndani.

Aedes aegypti kwa kawaida hana Wolbachia. Hiyo ndiyo nafasi. Wolbachia wa Drosophila melanogaster, anayeitwa wMel, alidungwa kwa sindano nyembamba mno ndani ya mayai ya Aedes, akarithiwa, na mwaka 2011 mbu hao wakaachiwa karibu na Cairns, Australia. Mbu mwenye wMel hulea kwa shida virusi vya dengi, Zika na chikungunya. Huko Yogyakarta, Indonesia, jaribio lililogawa mji kwa kura, matokeo yakachapishwa mwaka 2021, lilipunguza dengi kwa asilimia 77. Hapa majike huachiwa pia, kwa makusudi, kwa sababu lengo ni kuwabadilisha mbu waliopo.

Mtu anayewaza jambo hili kwa Lamu afikirie joto kwanza. wMel hapendi joto kali: viluwiluwi wakikaa katika maji yanayopanda na kushuka kati ya nyuzi 26 na 37 kila siku, bakteria hupungua sana, na mpandano huanza kuangua mayai ambayo yangepaswa kufa. Dramu jeusi la plastiki juani wakati wa kaskazi hufika huko bila taabu. Birika la kuhifadhia maji ndani ya nyumba ya mawe, kivulini, halifiki. Kwa hiyo chombo mbu anachozaliwa ndicho kitaamua kama bakteria atadumu, na takwimu za joto za uwanja wa ndege hazitakwambia kitu. Tumbukiza kipimajoto majini, saa nane mchana, chombo kwa chombo. Ipo aina nyingine, wAlbB, inayostahimili joto zaidi, na ndiyo iliyotumika Malaysia. Kisiwa kina faida yake: Aedes huruka mita mia chache tu, hivyo wasio na bakteria hawamiminiki kutoka bara, huja na madau na majahazi, mayai yakiwa yamekauka ukingoni mwa mtungi. Wakati huohuo desturi ya kufuga samaki wadogo katika birika, wenye bakuli la kaure chini ili wapate maji hata yakipungua, ni kinga ambayo nyumba za Lamu zilikuwa nayo kabla ya haya yote, na inasikitisha kuona mabirika yakibomolewa na madramu yasiyo na kifuniko yakichukua nafasi.

Wafugaji wa vipepeo na nusu ya mayai

Nyigu wadogo wa Trichogramma, wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, wamefika mbali zaidi. Kwa nyigu, yai lisilorutubishwa huwa dume. Wolbachia huzirudufu kromosomu za yai hilo, likawa jike, na ukoo mzima ukaendelea bila madume. Richard Stouthamer na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba ukiwapa dawa au joto kali, madume wanarudi. Wanaofuga nyigu hawa kwa ajili ya kilimo wajue hilo, maana banda lenye joto kupita kiasi litawapa madume wasiowataka. Kwa baadhi ya vipepeo wa manjano wa jamii ya Eurema huko Japani, bakteria humgeuza aliyeumbwa kuwa dume akawa jike kamili.

Lakini kwa watu wa Gede na vijiji vinavyozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, hila ya kujua ni ya nne: kuua madume. Mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, huwauzia wafugaji pupa wao katika soko la nje ya nchi, na mwanzilishi wake, Ian Gordon, ni miongoni mwa waliochunguza Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, ambaye kila mtu wa pwani amemwona. Katika kipepeo huyo, sehemu za Afrika Mashariki, na hasa nyanda za kuzunguka Nairobi, kuna Spiroplasma anayerithishwa kwa yai na kuwaua madume wakiwa wachanga. Mwaka 2000 ndipo alipotambuliwa. Majike wanaobaki hawana ndugu wa kiume wa kugombania nao majani.

Mfugaji atamjuaje? Tatizo kubwa ni kuchanganya mayai ya majike tofauti. Jike mmoja akiangua asilimia 50 na mwingine 90, bakuli moja litakupa 70, na utalaumu mvua. Kila jike awe na chombo chake, chenye tarehe na alama. Mayai yaliyogeuka meusi kabisa yameingiliwa na nyigu. Mayai yaliyobaki na rangi ileile ya mwanzo pengine hayakurutubishwa. Nusu ikianguliwa na nusu isianguliwe, kuna maelezo mawili yanayofanana sana: ukoo umepandana kaka kwa dada mno, au kuna muua-madume. Kinachotenganisha ni jinsia ya waliopona. Ukoo uliochoka hutoa madume na majike sawasawa. Spiroplasma hutoa majike watupu. Kwa Danaus chrysippus jinsia ni rahisi kuiona: bawa la nyuma la jike lina madoa matatu meusi katikati, la dume lina manne, na doa la nne ni kifuko cha harufu. Kwa pupa, geuza tumbo juu utazame karibu na ncha kwa lenzi: jike ana mfereji mwembamba katika pingili ya nane, dume ana vinundu viwili vidogo katika ya tisa.

Ukishajua, usiendeleze ukoo huo peke yake. Vizazi viwili tu utajikuta na kizimba cha majike wasio na wa kuwapanda. Ama leta madume wa msituni, ama anza upya na jike mwingine, na chombo cha ukoo wenye bakteria kisikae na wengine kwa kuwa utasahau alama. Kutibu kwa dawa kunawezekana maabara, lakini kwa mfugaji gharama ni kubwa kuliko faida.

Wadudu nao hujitetea. Katika kipepeo Hypolimnas bolina wa Samoa, mwaka 2001 madume walikuwa asilimia 1 tu kwa sababu ya Wolbachia. Kufikia mwaka 2006 walikuwa karibu asilimia 40. Bakteria hakuondoka, jeni ya kipepeo inayomzuia asiue ndiyo iliyosambaa, ndani ya vizazi vichache.

Mnyoo wa matende

Kuna Wolbachia wa pili katika habari ya mbu wa karo. Mnyoo ambaye mbu huyo hutuletea, Wuchereria bancrofti, naye ana Wolbachia wake, aliyerithi kutoka kwa mama mnyoo. Ni wa ukoo mwingine, tofauti na yule wa mbu, na tabia yake ni kinyume: hamchezei mnyoo uzazi, anamsaidia. Mnyoo bila bakteria huyo hazai, na baadaye hufa.

Kenya ilianza kugawa dawa za matende kwa umma mwaka 2002, Kilifi, na mwaka 2018 Lamu ilikuwa kati ya maeneo ya kwanza nchini kupewa dawa tatu kwa pamoja: ivermektini, DEC na albendazoli. Dawa hizi huwaua watoto wa mnyoo walio katika damu. Homa na maumivu ya viungo ambayo baadhi ya watu hupata baada ya kumeza, na ambayo hutisha mtaa mzima, sehemu yake hutokana na minyoo inayokufa kwa wingi na kumwaga Wolbachia katika damu. Anayepata homa hiyo mara nyingi ndiye aliyekuwa na minyoo. Hupita kwa siku chache.

Doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, humshambulia mnyoo mkubwa kupitia bakteria wake: miligramu 200 kwa siku, kwa wiki nne hadi sita, chini ya daktari. Majike ya mnyoo huwa tasa, na kwa baadhi ya wagonjwa uvimbe wa mguu hupungua. Haigawiwi kwa umma kwa sababu ya urefu wa siku zake, na haifai kwa wajawazito, wanaonyonyesha wala watoto walio chini ya miaka 8. Anayepewa asiimeze na maziwa, kwani kalsiamu huishika dawa isiingie mwilini. Ameze kwa maji mengi akiwa amekaa, asilale papo hapo, la sivyo hukwama kooni na kuchoma. Na jua huunguza upesi ngozi ya mtu aliye kwenye dawa hii, basi mvuvi avae mikono mirefu na kofia wiki zote hizo, hata siku ya mawingu.